Kupimwa Kwanza, Kuacha Ngano Baadaye

Matini ya mazungumzo kuhusu ugonjwa wa siliaki na ulaji usio na gluteni, kwa familia zinazozungumza Kiswahili nchini Uingereza



Katika nyumba nyingi za ughaibuni ngano imeshika nafasi ambayo kwa wazee ilikuwa ya muhogo, ndizi na mahindi. Asubuhi ni mkate na chai. Mchana, kazini, ni mkate tena uliotiwa kuku au jibini. Jioni ni chapati, tambi au piza ya watoto. Siku ya wageni huongezeka sambusa, mandazi na visheti. Mtu anaweza kula ngano mara nne kwa siku bila kuhesabu.

Wakati huohuo, maduka makubwa yametenga rafu nzima za vyakula visivyo na gluteni, na simu za mkononi hupokea kila juma ujumbe wa sauti unaodai kwamba ngano ni sumu kwa kila tumbo. Kwa upande wa pili, wapo wasemao kwamba hayo ni maradhi ya Wazungu, hayamhusu mtu aliyetoka Mombasa, Unguja, Bukavu au Maskati. Kauli zote mbili zimepotoka, na kila moja ina madhara yake. Ya kwanza humfanya mtu aache ngano bila sababu, au aiache kabla ya wakati. Ya pili humfanya mgonjwa wa kweli aishi miaka mingi bila kujua kinachomdhoofisha.

Mazungumzo haya yana neno moja kuu: anayeshuku kwamba ngano inamdhuru asiiache kabla ya kupimwa. Maelezo yanayofuata yanaonyesha kwa nini.

Gluteni ni nini, na humdhuru nani?

Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, nafaka inayotumika katika mikate myeusi ya Ulaya. Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika na mkate uumuke. Kwa watu walio wengi ni chakula kama chakula kingine. Hata hivyo, yapo makundi matatu ya watu wanaopata shida, na ni muhimu yasichanganywe.

Kundi la kwanza ni la wenye ugonjwa wa siliaki. Huu si mzio, wala si tumbo kukataa chakula tu. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, huushambulia utumbo mwembamba kila gluteni inapoingia. Ndani ya utumbo huo kuna vijinyoya vidogo mno, mfano wa manyoya ya zulia, vinavyofyonza lishe. Vijinyoya hivyo hulala na kusagika, na chakula hupita bila mwili kuchukua haki yake. Matokeo yake ni ukosefu wa madini ya chuma, wa chokaa ya mifupa na wa vitamini, hata kwa mtu anayekula vizuri. Ugonjwa huu hudumu maisha yote. Tiba yake ni kuacha gluteni kabisa, na anayefanya hivyo aghalabu hupata nafuu, na utumbo hupona taratibu.

Kundi la pili ni la wenye mzio wa ngano. Hao huvimba midomo, huwashwa, hutapika au kubanwa na pumzi muda mfupi baada ya kula. Hali hii huonekana zaidi kwa watoto kuliko kwa watu wazima, na mzio mkali ni dharura inayohitaji gari la wagonjwa mara moja.

Kundi la tatu ni la watu ambao vipimo vya siliaki na vya mzio havionyeshi kitu, lakini huhisi vibaya wakila ngano. Hali yao haina kipimo cha damu cha kuithibitisha. Mateso yao ni ya kweli, ila si kila mara chanzo ni gluteni. Mwaka 2018 watafiti wa Norway walichapisha matokeo ya jaribio la watu 59 waliokuwa wameacha gluteni wenyewe bila kuwa na siliaki. Walilishwa vyakula vilivyofichwa kilichomo, kwa zamu. Kilichowaletea tumbo kujaa zaidi hakikuwa gluteni, bali fruktani, aina ya wanga iliyomo katika ngano na pia katika vitunguu maji na vitunguu saumu. Mtu wa namna hiyo anaweza kuacha mkate mwaka mzima na bado akaumwa kila apikapo mchuzi.

Ni watu wangapi?

Nchini Uingereza inakadiriwa kwamba mtu 1 katika kila watu 100 ana ugonjwa wa siliaki. Makadirio hayo hayakutokana na kuwahesabu wagonjwa wa hospitali pekee. Katika utafiti wa Cambridge uliochapishwa mwaka 2003, ilipimwa damu ya watu zaidi ya 7,500 wenye umri wa miaka 45 hadi 76, ambao hawakuwa wamewahi kuambiwa kwamba wana ugonjwa huu. Asilimia 1.2 walikutwa na kingamwili zake. Hao walikuwa wakijihesabu kuwa wazima, kumbe walikuwa na mwelekeo mkubwa zaidi wa mifupa kudhoofika na damu kupungua kidogo.

Shirika la Coeliac UK linakadiria kwamba, kati ya wote wenye ugonjwa huu nchini, walio na uthibitisho wa daktari ni kama theluthi moja tu. Hivyo basi, kwa kila mgonjwa anayejijua, wapo takribani wawili wasiojijua.

Marekani kulionekana jambo kama hilo. Katika uchunguzi wa afya wa taifa wa miaka ya 2009 na 2010, kati ya watu 35 waliokutwa na siliaki, 29 hawakuwa na habari. Uchunguzi uliofuata, hadi mwaka 2014, ulionyesha kwamba ugonjwa wenyewe haukuongezeka. Ulibaki chini ya asilimia 1 ya watu. Kilichoongezeka ni idadi ya watu wasio na ugonjwa walioacha gluteni: kutoka asilimia 0.52 hadi asilimia 1.69, zaidi ya mara tatu kwa miaka mitano.

Takwimu hizi zikiwekwa pamoja zinaeleza jambo la ajabu: wengi wanaopaswa kuacha gluteni bado wanaila, na wengi walioiacha hawana ugonjwa unaowalazimisha kuiacha. Njia ya kuwatenganisha ni kipimo.

Je, ni maradhi ya Wazungu?

Ni kweli kwamba katika uchunguzi wa Marekani ugonjwa ulionekana mara nyingi zaidi kwa Wazungu kuliko kwa watu weusi. Lakini uchache si kutokuwapo. Mwaka 1999 ilichapishwa ripoti ya watoto wa Kisahrawi, wenye asili ya Sahara Magharibi, barani Afrika: asilimia 5.6 walikuwa na siliaki, kiwango kikubwa kuliko cha nchi yoyote ya Ulaya. Kaskazini mwa India uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta takribani mtu 1 katika 100. Ugonjwa huu unajulikana vilevile katika nchi za Kiarabu na Uajemi. Familia nyingi za mwambao wa Afrika Mashariki zina damu ya pande zaidi ya moja, na sura ya mtu haiwezi kueleza ni jeni gani alizorithi.

Jeni zenyewe hazitoshi kuleta ugonjwa. Kama theluthi moja ya watu wa Ulaya wanazo, na walio wengi kati yao hawaugui kamwe. Lakini bila jeni hizo ugonjwa huwa adimu mno, na bila gluteni hauonekani. Mtu aliyekulia kwenye ugali, wali na ndizi anaweza kuwa amebeba jeni hizo tangu kuzaliwa bila dalili za kuonekana, kisha akahamia nchi ambamo ngano iko katika kila mlo. Wala umri si kinga: ugonjwa huweza kujitokeza kwa mtu wa miaka 30, 50 au 70.

Kwa hiyo mgonjwa apimwe kwa kutazamwa dalili zake na familia yake. Daktari akisita kwa sababu ya asili ya mgonjwa, mgonjwa ana haki ya kuuliza kwa adabu: "Je, daktari, siliaki imeshapimwa?"

Mfano wa nyumba moja

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya kuelewesha, lakini mambo yaliyomo ni ya kila siku.

Mama mmoja wa miaka 38 anafanya kazi ya kuwahudumia wazee, zamu za usiku. Kwa miaka minne amekuwa akichoka kupita kiasi. Mara tatu ameambiwa damu yake ni pungufu, akapewa vidonge vya madini ya chuma. Akivimaliza, damu hushuka tena. Yeye mwenyewe hulaumu baridi, zamu za usiku na hedhi nzito. Tumbo humjaa gesi, mdomoni hutoka vidonda, lakini hayo hamwambii daktari; huona haya kumsimulia mtu baki habari za choo.

Siku moja anapokea ujumbe kutoka kwa wifi yake: "Wifi, achana na ngano. Mie nimeacha, tumbo limetulia tuli." Anaacha. Baada ya wiki tatu anaona nafuu. Baada ya miezi miwili anakwenda kituo cha afya kwa ajili ya vidonge vyake, na daktari, kwa umakini wake, anaagiza damu ipimwe siliaki. Majibu yanarudi: hakuna kitu. Daktari hakuambiwa kwamba mgonjwa ameacha ngano, na mgonjwa hakujua kwamba jambo hilo lina uzito.

Madhara ya majibu hayo ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza gluteni inapokuwamo. Gluteni ikiondoka, kingamwili nazo hupungua, na kipimo huweza kusema "hakuna" ilhali ugonjwa upo. Mama huyu sasa ana karatasi inayomtangaza mzima. Harusini atakula sambusa mbili bila wasiwasi. Kipandauso au tumbo likimsumbua, atatafuta sababu nyingine. Mifupa yake haitapimwa. Watoto wake hawatapimwa, ijapokuwa mzazi, mtoto, kaka au dada wa mgonjwa wa siliaki ana uwezekano wa takribani 1 katika 10 wa kuwa na ugonjwa huohuo. Wifi alitaka mema. Lakini shauri lake lilifika kabla ya wakati.

Dalili zinazostahili kutajwa kwa daktari

Wahenga walisema: mficha uchi hazai. Ya tumboni na ya chooni yanapaswa kusemwa mbele ya daktari bila haya. Mtu mzima anapaswa kuomba kipimo cha siliaki akiwa na lolote kati ya haya bila sababu iliyo wazi:

Kuhara, kufunga choo, gesi au maumivu ya tumbo ya mara kwa mara. Upungufu wa damu unaorudi baada ya dawa kwisha, au upungufu wa vitamini B12 au foleti. Uchovu wa muda mrefu. Kupungua uzito bila kukusudia. Vidonda vya mdomoni visivyokoma. Mifupa kuvunjika kwa urahisi. Ganzi ya mikono au miguu, au kuyumba wakati wa kutembea. Shida ya kushika mimba, au mimba kuharibika mara kwa mara. Upele wenye malengelenge madogo na muwasho mkali kwenye viwiko, magoti au makalio.

Wanaopaswa kupimwa hata kama hawaumwi tumbo ni wenye kisukari cha aina ya kwanza, wenye ugonjwa wa tezi ya shingo unaotokana na kinga ya mwili, na ndugu wa karibu wa mgonjwa wa siliaki.

Ni vema kukumbuka kwamba upungufu wa damu una sababu nyingi, na tumbo kujaa vilevile. Watu wazima wengi wenye asili ya Afrika hawawezi kumeng'enya sukari ya maziwa, na chai ya maziwa ya asubuhi yaweza kulaumiwa kwa jina la mkate ulioandamana nayo. Hiyo ni sababu nyingine ya kutokujihukumu nyumbani.

Safari ya kupimwa

Hatua ya kwanza ni kwenda kwa daktari wa familia. Nchini England mtu yeyote anaweza kujiandikisha katika kituo cha daktari wa familia, na kumwona daktari huyo hakulipiwi, vyovyote vile hali ya uhamiaji ya mtu ilivyo. Mwenye kuhitaji mkalimani wa Kiswahili aombe wakati wa kupanga miadi. Huduma hiyo haina malipo, na ni bora kuliko kumtumia mtoto atafsiri siri za mzazi wake. Huduma za hospitali zina masharti yake, na mwenye shaka anaweza kuuliza mapema.

Kipimo cha kwanza ni cha damu. Kabla yake mtu anapaswa awe anakula gluteni katika mlo zaidi ya mmoja kila siku, kwa muda usiopungua wiki 6. Kwa lugha ya jikoni, hiyo ni kama vipande vya mkate asubuhi na chapati jioni. Katika mwezi wa Ramadhani mkate unaweza kuliwa wakati wa futari na tena wakati wa daku, na sharti likatimia.

Aliyekwisha kuacha ngano amweleze daktari wazi, pamoja na tarehe aliyoiacha. Ataombwa airudie kwa wiki hizo 6. Kama kuirudia kunamtesa sana, asikate tamaa wala asidanganye. Daktari anaweza kumpeleka kwa bingwa wa magonjwa ya tumbo. Kipo pia kipimo cha jeni: zisipokutwa jeni za siliaki, uwezekano wa ugonjwa ni mdogo mno, hata kama mtu aliacha ngano zamani. Zikikutwa, hilo peke yake si uthibitisho.

Majibu ya damu yakionyesha dalili, mgonjwa hupelekwa kwa bingwa. Aghalabu kamera nyembamba hupitishwa kinywani hadi utumbo mwembamba, na vipande vidogo huchukuliwa vikatazamwe. Kwa baadhi ya watu wazima wenye kingamwili nyingi sana, bingwa anaweza kuthibitisha bila kamera. Katika muda wote huo wa kungoja, ngano isiachwe mpaka bingwa aseme. Hapo ndipo wengi huteleza: wakiona majibu ya kwanza huacha siku ileile, na kipimo cha pili hupoteza maana.

Baada ya majibu: jikoni

Aliyethibitishwa anapaswa kuacha gluteni yote, maisha yote. "Kidogo tu" haipo. Hata makombo ya mkate huweza kuuumiza utumbo bila mtu kuhisi chochote.

Habari njema ni kwamba jiko la Waswahili limejaa vyakula ambavyo kwa asili havina gluteni: wali, pilau, ugali wa mahindi, muhogo, ndizi, viazi, magimbi, maharage, mbaazi, kunde, samaki, nyama, mayai, mboga, matunda, nazi na tende. Vitumbua na mkate wa kumimina hutokana na mchele, na uji wa ulezi au mtama humtosha mtu asubuhi. Mikate maalumu ya madukani ni ghali kuliko ya kawaida, na familia haina haja ya kuitegemea. Katika baadhi ya maeneo mgonjwa aliyethibitishwa huweza kuandikiwa na daktari mkate na unga usio na gluteni. Asiye na uthibitisho hawezi kupata haki hiyo.

Vyakula vya kuachwa ni chapati, mandazi, mahamri, sambusa, kaimati, visheti, tambi za ngano, keki, biskuti na bokoboko, ambalo ni ngano yenyewe. Semolina, ambayo wengine huisonga kama ugali, ni ngano pia. Vipo vingine vinavyojificha: urojo uliotiwa unga wa ngano, katlesi zilizoviringishwa katika chenga za mkate, baadhi ya vidonge vya supu, sosi ya soya, bia, na vinywaji vya unga vyenye kimea cha shayiri. Bajia za dengu ni salama ikiwa unga haukuchanganywa na ngano na mafuta hayakukaanga mandazi kwanza.

Neno moja lahitaji tahadhari. Waswahili wengi huita "shayiri" nafaka mbili tofauti: ile inayotoa kimea cha bia, na ile ya oti inayopikwa uji mweupe wa asubuhi. Ya kwanza ina gluteni na ni haramu kwa mgonjwa. Oti safi, isiyochanganyika na ngano, wagonjwa wengi huiweza, ila wachache huwadhuru; mtu aianze kwa ushauri wa mtaalamu wa lishe na achague pakiti iliyoandikwa kwamba haina gluteni. Katika lebo za hapa ngano huandikwa wheat, shayiri ya kimea barley, rai huandikwa rye na oti oats. Sheria hutaka majina hayo yakolezwe wino au yatofautishwe na mengine katika orodha ya viungo. Chakula kinachoruhusiwa kujiita gluten free hakizidi miligramu 20 za gluteni katika kilo moja.

Unga wa mtama, ulezi, muhogo au dengu unaouzwa kwa kupimwa, au uliosagwa kwenye mashine iliyosaga ngano, si wa kuaminika. Ununuliwe wenye lebo. Nyumbani, mgonjwa awe na kibaniko chake cha mkate na kopo lake la siagi. Kibao na mpini wa kusukumia chapati visitumike kwa chakula chake. Chakula chake kitangulie kupikwa, kabla vumbi la unga halijatua mezani. Vyombo vya kawaida huoshwa kwa sabuni na maji, vikatosha.

Kuacha gluteni si mwisho wa matibabu. Mgonjwa huhitaji kuonwa na mtaalamu wa lishe, kupimwa damu kila mwaka na, pale inapofaa, kupimwa uimara wa mifupa. Ahakikishe anapata chokaa ya kutosha: maziwa kama anayaweza, dagaa wanaoliwa na miiba yao, na mboga za majani. Huweza kupewa pia chanjo ya nimonia, kwa kuwa ugonjwa huweza kuidhoofisha bandama. Asiyejitunza hujiweka katika hatari ya mifupa dhaifu na, mara chache, ya aina adimu ya saratani ya utumbo. Anayejitunza huipunguza hatari hiyo.

Kwa wasio na ugonjwa

Aliyepimwa akakutwa hana siliaki wala mzio hana sababu ya kuogopa ngano. Unga mweupe wa ngano unaouzwa nchini huongezwa kisheria chokaa, chuma na vitamini za kundi B. Anayeuacha bila mpango hupoteza hayo pamoja na nyuzinyuzi, na mfuko wake huumia. Kama bado tumbo humsumbua, arudi kwa daktari; yapo magonjwa mengine ya tumbo yanayotibika, na yapo mabadiliko ya chakula yanayoongozwa na mtaalamu wa lishe.

Heshima ya mezani

Ugumu mkubwa wa mgonjwa mara nyingi hauko dukani, bali ugenini. Kwa Waswahili kukataa chakula ni kama kumkataa mwenye nyumba. Shangazi akisema, "Mwanangu, onja tu, nimekukaangia mwenyewe," ni vigumu kujibu hapana. Hapo familia nzima ina wajibu. Jibu liwe la upole na la wazi: "Shangazi, shukrani sana, daktari amenikataza, hata kipande kinaniumiza. Wali wako na mchuzi vinanitosha." Na shangazi aliyesikia mazungumzo haya hatanuna, mara ijayo atatenga sahani kabla ya kukaanga chochote.

Kanisani mgonjwa azungumze na mchungaji au padri wake kabla ya ibada. Katika Kanisa Katoliki hostia zenye gluteni kidogo mno zinaruhusiwa, na mwamini anaweza kupokea kutoka kikombe peke yake. Msikitini, anayeandaa futari ya pamoja anaweza kuweka tende, matunda, wali na maharage upande wake, na vijiko vyake, mbali na sambusa.

Basi, mtu atakaporudi nyumbani na kumkuta ndugu anayelalamika tumbo au uchovu usiokwisha, asimwambie aache ngano. Amwambie aendelee kula kama kawaida, apange miadi na daktari wiki hii, na aombe kwa jina lake kipimo cha siliaki. Chapati za wiki hizo 6 ndizo zitakazompa jibu la kweli, yeye na watoto wake.